Somo la Tano: Kumdhamini Mume au Mke Kuhamia Marekani

Shabaha ya somo
Baada ya somo hili, msomaji ataweza kueleza ni nani anayeruhusiwa kumdhamini mwenzi wake wa ndoa, sahihi yake itamfunga kwa jambo gani na kwa muda gani, na namna ya kumtambua wakala asiye na idhini.

Nani anaweza kudhamini
Raia wa Marekani na mwenye kadi ya kijani wote wanaweza kuwaombea waume au wake zao, kwa kutumia fomu I-130 inayopelekwa kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS. Tofauti yao ni foleni. Mwenzi wa raia hana kikomo cha idadi kwa mwaka. Mwenzi wa mwenye kadi ya kijani yumo katika kundi lenye kikomo, na kwa hiyo huenda akangoja zaidi. Ombi likikubaliwa na mwenzi akiwa nje ya nchi, jalada hupelekwa katika Kituo cha Taifa cha Viza, kisha ubalozini kwa mahojiano. Masharti kwa raia wa nchi mbalimbali hubadilika. Yaangalieni katika tovuti za serikali kabla ya kulipa ada yoyote.

Ndoa inayotambuliwa
Kanuni ya jumla ni kwamba ndoa iwe halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Nikaha, ndoa ya kanisani na ya kimila zote zaweza kufaa, mradi sheria ya mahali hapo inazitambua na cheti kipo. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe. Nchini Tanzania, cheti hutolewa na RITA. Aliyewahi kuoa au kuolewa alete pia hati ya talaka au cheti cha kifo. Mwenye wake zaidi ya mmoja afahamu kwamba ndoa ya kwanza tu ndiyo inayotambuliwa.

Cheti pekee hakitoshi. Afisa hutaka kuona kwamba ndoa ni ya kweli. Hifadhini picha, tiketi za safari, ujumbe wa simu na taarifa za fedha mlizotumiana, zikiwamo za M-Pesa. Kufunga ndoa kwa makusudi ya kukwepa sheria za uhamiaji ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 250,000.

Hati ya udhamini ni mkataba
Hapa ndipo tunapomwomba msomaji atulie. Fomu I-864 huonekana kama karatasi moja miongoni mwa nyingi, lakini ni mkataba kati ya mdhamini na serikali. Mdhamini anaahidi kumtunza mgeni asishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Mgeni akipokea misaada fulani ya serikali inayotolewa kwa kupima kipato, ofisi iliyoitoa inaweza kumdai mdhamini. Mgeni mwenyewe pia anaweza kumshtaki mdhamini aliyemtelekeza.

Talaka haikomeshi wajibu huu. Kwa kawaida unakoma mgeni anapokuwa raia, anapohesabiwa robo 40 za kazi, yaani takriban miaka 10, anapoondoka nchini moja kwa moja na kuacha ukaaji wake, au anapofariki. Mdhamini akihama nyumba, sharti atoe taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 30.

Kupima kipato
Kipato cha mdhamini sharti kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, ambacho hubadilishwa kila mwaka. Kwa viwango vya mwaka 2025, nje ya Alaska na Hawaii, kaya ya watu 2 ilihitaji dola 26,437, na ya watu 4 dola 40,187.

Tuchukue mfano. Raia ana watoto wawili anaowalea, na anamwombea mkewe. Kaya yake inahesabiwa watu 4. Akiwa na kipato cha dola 34,000, anapungukiwa dola 6,187. Anaweza kuziba pengo hilo kwa mali yenye thamani ya mara tatu yake, yaani dola 18,561, baada ya kutoa madeni. Akikosa mali, anaweza kutafuta mdhamini mwenza.

Mdhamini mwenza mara nyingi ni kaka, shangazi au rafiki wa msikitini au kanisani, anayeombwa kwa heshima na kuona haya kukataa. Sahihi yake humfunga sawasawa na ile ya mdhamini wa kwanza, hata kama ndoa ile haimhusu. Ni haki yake kuisoma fomu yote kwanza, na anaweza kujiondoa kabla mgeni hajapewa viza. Anayeomba naye amweleze ukweli huu kabla ya kumpa kalamu.

Kadi ya miaka miwili
Ikiwa ndoa haijatimiza miaka 2 siku mgeni anapopata ukaaji, atapewa kadi ya masharti ya miaka 2. Wanandoa sharti wapeleke fomu I-751 pamoja katika siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Mwenzi anayepigwa au kuteswa halazimiki kuvumilia kwa hofu ya kadi: sheria inamruhusu kuomba peke yake, bila ridhaa ya mtesaji.

Jihadhari na mawakala
Ni mwanasheria, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, anayeweza kukushauri kisheria kwa malipo. Mtayarishaji wa kodi, mtafsiri au mwenye duka la huduma hana idhini hiyo. Zingatieni haya:

• Fomu zote za USCIS hupatikana bila malipo, anayeziuza anakudanganya.
• Tovuti za serikali huishia na .gov.
• Serikali haipokei ada kwa kadi za zawadi.
• Usitie sahihi fomu tupu, wala usiache hati halisi kwa wakala.
• Dai mkataba wa maandishi, risiti, na nakala ya kila kilichopelekwa.
• Hakuna anayeweza kukuhakikishia viza.

Ukidanganywa, toa taarifa kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho kupitia ReportFraud.ftc.gov, au kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako.

Maswali ya kujipima
1. Je, talaka inamwondolea mdhamini wajibu wake? Eleza.
2. Kaya yako ina watu wangapi ukimhesabu mwenzi wako, na kipato chako kinatosha?
3. Ndugu yako anakuomba uwe mdhamini mwenza. Taja mambo matatu utakayomuuliza kabla ya kutia sahihi.