Imani Iliyofichwa kwa Miaka 250 Katika Nchi ya Japani

Nchi ya Japani ni visiwa. Vilivyo vikubwa ni vinne, navyo huitwa Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu, na kando yake viko vidogo maelfu. Watu wa Afrika ya Mashariki huwajua Wajapani kwa motokaa zao na saa zao, lakini habari za dini zao na mambo yao ya kale hazijulikani sana. Katika habari hizo ni vigumu kupata iliyo ya ajabu kuliko ile ya wakulima na wavuvi wa Kyushu, kisiwa cha kusini, walioishika kwa siri dini iliyokatazwa na serikali muda wa miaka mia mbili na hamsini, pasipo padre, pasipo kanisa, na karibu pasipo kitabu.

Yafaa kwanza kufahamu dini za nchi yenyewe. Ya kale kabisa ni Shinto, maana yake "njia ya miungu". Haina mtu mmoja aliyeianzisha wala haina kitabu cha sheria. Wafuasi wake huwaheshimu kami, yaani nguvu na roho zilizomo milimani, mitoni, katika miti mikubwa, na katika watu mashuhuri waliokufa. Hekalu lake kuu liko mahali paitwapo Ise, nalo kila baada ya miaka 20 hubomolewa na kujengwa upya kando ya pale lilipokuwa, kwa mbao mpya na kwa mfano ule ule. Mwaka 2013 lilijengwa mara ya 62. Basi mtu akiuliza umri wa hekalu hilo, majibu mawili yote ni ya kweli: ni la kale sana, tena ni jipya.

Katika karne ya 6 dini ya Budha iliingia kutoka Korea. Wajapani hawakuona sababu ya kuiacha ya kwanza kwa ajili ya ya pili. Hata leo nyumba nyingi humpeleka mtoto mchanga kwenye hekalu la Shinto kuombewa baraka, na mzee wa nyumba hiyo hiyo akifa, huzikwa kwa ibada ya Budha.

KUJA KWA WARENO

Tarehe 15 Agosti, 1549, padre mmoja aitwaye Francis Xavier alishuka katika bandari ya Kagoshima, kusini mwa Kyushu. Huyu ndiye yule aliyepita Malindi mwaka 1542 katika merikebu ya Wareno alipokuwa akisafiri kwenda Bara Hindi. Pamoja naye alikuja Mjapani mmoja, Anjiro, aliyekutana naye huko Malacca, naye ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Shida ya kwanza ilikuwa shida ya lugha. Anjiro alipotafuta neno la kumtaja Mungu, alichukua jina Dainichi, ambalo ni jina la Budha mmoja mkubwa. Watawa wa Budha waliposikia Dainichi akihubiriwa, wengine walifurahi, wakidhani kwamba hawa wageni wameleta madhehebu mengine ya dini yao wenyewe. Xavier alipotambua kosa hilo aliliacha jina hilo, akatumia neno la Kilatini, Deus, ambalo Wajapani walilitamka Deusu. Tangu hapo wamisionari waliona kuwa ni salama zaidi kuacha maneno mengi ya dini katika Kilatini na Kireno, na jambo hilo dogo lilikuja kuwa na maana kubwa baadaye.

Dini hiyo ilienea upesi, hasa katika Kyushu, ambako wakuu kadha walibatizwa. Yasemekana kwamba baadhi yao waliitaka biashara ya Wareno kuliko ubatizo, na huenda ni kweli. Lakini watu wao wengi walishika kwa moyo. Nagasaki, kilichokuwa kijiji cha wavuvi, kikawa mji wa biashara na makanisa.

Kisha mambo yakageuka. Watawala walikuwa wakiiunganisha nchi iliyokuwa imeraruliwa na vita vya miaka mia, nao waliwaogopa watu wenye utii kwa mkuu aliye Ulaya. Mwaka 1587 Toyotomi Hideyoshi aliwaamuru mapadre waondoke. Mwaka 1597 watu 26, Wajapani na wageni, walisulubiwa kilimani Nagasaki. Tokugawa Ieyasu alipokuwa Shogun, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, alivumilia kwa miaka michache, lakini mwaka 1614 Ukristo ulikatazwa katika nchi nzima. Wakulima wa Shimabara na Amakusa, waliochoka kwa kodi, njaa na mateso ya dini, waliasi mwaka 1637, wakajifungia katika boma la Hara. Mwezi wa Aprili 1638 boma hilo lilitekwa, na karibu wote waliokuwamo, wanaume, wanawake na watoto, waliuawa. Baada ya hayo Wareno walifukuzwa kabisa, na katika watu wa Ulaya ni Waholanzi peke yao walioruhusiwa kufanya biashara, nao waliwekwa katika kisiwa kidogo sana cha Deshima.

KUKANYAGA SANAMU

Serikali ilitumia njia nyingi za kuwatafuta Wakristo. Kila nyumba ilipaswa kuandikishwa katika hekalu la Budha. Nyumba tano tano zilifungwa pamoja, mmoja akikosa wote hulaumiwa. Mabao yaliwekwa njiani yakitangaza zawadi ya fedha kwa atakayemfichua padre. Lakini iliyowauma zaidi ni desturi ya fumie. Kila Mwaka Mpya watu wa Nagasaki na vijiji vya jirani walipangwa mstari, na mmoja mmoja alikanyaga kwa mguu sanamu ya Yesu au ya Mariamu, nao maofisa wakimtazama uso. Aliyekataa alijua kinachomngoja, tena si yeye peke yake, bali watoto wake na jirani zake.

Wengi wa waliojificha walikanyaga. Kisha walirudi nyumbani, wakafunga milango, wakasali sala ya majuto waliyoiita konchirisan, neno lililotoka katika Kireno. Ni vigumu kwa mtu aliye salama kuwahukumu.

Kwa kuwa mapadre walikuwa wameuawa au kufukuzwa, watu wa kijiji walijipangia kazi wenyewe. Mzee mmoja alishika kalenda, akihesabu sikukuu na siku za kufunga. Mwingine alikuwa mbatizaji. Wengine walipeleka habari nyumba kwa nyumba. Misa haikuwezekana, kwani haifanywi pasipo padre; ubatizo uliwezekana, nao waliulinda kama mboni ya jicho. Sala ziliitwa orasho, kutoka neno la Kilatini, nazo zilipokewa kwa kusikia tu, baba akimfundisha mwana kwa sauti ya chini. Maana ya maneno mengi ilisahauliwa, lakini maneno yenyewe hayakuachwa. Mbele ya macho ya watu waliweka sanamu ya Kannon, ambaye katika dini ya Budha ni mwenye rehema, amepakata mtoto. Wao walimwona Mariamu. Mtu wao alipokufa, mtawa wa Budha alikuja kumsomea kama sheria ilivyotaka, na katika chumba cha pili wenyewe walisali sala ya kuyafuta yale yaliyosomwa.

SIKU YA 17 MACHI, 1865

Mwaka 1853 manowari za Marekani zilifika, na baada ya mikataba nchi ilifunguliwa kwa wageni. Mapadre wa Kifaransa walijenga kanisa Nagasaki, mahali paitwapo Oura, kwa ajili ya wageni tu. Mwezi mmoja tangu kufunguliwa, tarehe 17 Machi, 1865, kikundi cha watu kutoka kijiji cha Urakami walisimama mlangoni. Padre Bernard Petitjean aliwafungulia. Mwanamke mmoja alimsogelea akamnong'oneza kwamba moyo wao na wake ni mmoja, kisha akauliza iko wapi sanamu ya Santa Maria. Walimwambia pia kwamba wao wako katika siku ya 17 ya majira ya huzuni. Petitjean alihesabu: Kwaresima ilikuwa imeanza tarehe 1 Machi. Kalenda yao haikupotea hata siku moja.

Furaha hiyo iliwaletea taabu, kwani marufuku ilikuwa haijaondolewa. Hata serikali mpya ya Kaizari Meiji, iliyoshika madaraka mwaka 1868, iliwahamisha watu wa Urakami zaidi ya 3,000 katika majimbo ya mbali, na zaidi ya 600 walikufa huko. Mataifa ya Ulaya na Marekani yalilalamika, na mwaka 1873 mabao ya marufuku yaliondolewa. Waliorudi walinunua kiwanja pale pale walipokuwa wakikanyagishwa sanamu kila mwaka, wakajenga kanisa kubwa la matofali. Tarehe 9 Agosti, 1945, bomu la atomiki lililipuka karibu nalo. Kanisa likaanguka, na wengi wa Wakristo wa Urakami wakafa. Mkesha wa Krismasi mwaka ule ule, kengele moja iliyochimbuliwa nzima katika kifusi ililia tena.

Si wote waliojiunga na mapadre. Katika kisiwa cha Ikitsuki na visiwa vya Goto wako waliosema kwamba walichoachiwa na wazee wao ni kile kile walichokishika wakati wa siri, pamoja na kami wa nyumba na ibada ya Budha kwa wafu, wala hawawezi kukibadili. Vijana wao wamehamia mijini kutafuta kazi, nao waliobaki ni wachache sana. Huko Ikitsuki baadhi ya orasho huimbwa, na mmoja wa nyimbo hizo, uitwao Gururiyoza, wataalamu wameutambua kuwa ni wimbo wa kanisa wa Kilatini uliofika Japani kwa merikebu za Wareno katika karne ya 16.