Uvuvi wa Asembo Bay na Masomo ya Vijana

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa hii twataka kutazama yaliyowapata watu wa Asembo Bay, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kwani yatuhusu sisi wa pwani kuliko tudhanivyo.

Samaki aitwaye mbuta alitiwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote. Vikajengwa viwanda vya kukata minofu na kuipeleka ng'ambo. Mwaka 1993 Kenya ikalegeza masharti ya fedha za kigeni, na biashara hiyo ikazidi nguvu. Nyakati hizo hizo wazazi walikuwa wametwikwa sehemu ya gharama za skuli. Basi mzazi alikuwa na ada ya kutoa leo, na mtoto awezaye kuvuta nyavu na kurudi na fedha jioni ile ile. Wako waliochagua chombo, wala hatuwalaumu upesi. Uvuvi ni kazi ya halali, na Nabii Dawud a.s. alikula kwa kazi ya mkono wake.

Lakini soko lililofunguliwa na watu wa mbali hufungwa na watu wa mbali. Kuanzia 1997 Ulaya iliwakataza samaki wa ziwa hilo mara tatu: kwa khofu ya vijidudu, kisha kipindupindu, na mwaka 1999 kwa ajili ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Kenya haikufunguliwa tena mlango mpaka mwaka 2000. Mwenye kiwanda aliweza kuisoma amri na kutafuta soko jingine. Kijana aliyeacha daftari aliambiwa tu kwamba bei imeshuka, wala hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli.

Mwaka 2003 ada za skuli za msingi ziliondolewa, na bado chombo huwaita vijana. Basi umaskini si sababu peke yake. Tumo na sisi wazee, tuipimao elimu kwa mshahara wa kesho. Baada ya Badr, Waislamu wakiwa wahitaji wa mali, Mtume s.a.w. alikubali mateka wasio na fidia wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Na walimu hao walikuwa washirikina! Wazifikiri habari hizi wale wanaowazuilia watoto skuli kwa sababu ya dini ya mwalimu.

Ama kijana wa Lamu au Vanga aliyekwisha kuingia baharini, si lazima arudishwe kwenye benchi la asubuhi. Vyuo vyetu na viwe wazi baada ya Maghrib, na pamoja na Qur'ani afundishwe hesabu, kusoma mizani, na kuandika deni lake kwa mkono wake.