Kitenzi cha Rubani: Somo la Injini Inayosita

Anayetafsiri « le moteur a des ratés » kuwa « injini haifanyi kazi » anampeleka fundi pasipo na kosa. Nachukua mfano wa Cessna 172 ya zamani, yenye kabureta, na kulinganisha ripoti tatu.

1. « Ilisita mara moja baada ya kuruka. » Kiambishi -li- kinafunga tukio kwenye wakati wake. Fundi achunguze kwanza mafuta ya chini ya tangi: maji ni mazito kuliko petroli, hutuama huko.

2. « Husita kila nikibakiza magneto ya kushoto. » Hu- inaonyesha mazoea: kosa lina sharti lake. Kila silinda ina plagi mbili, kila moja ikilishwa na magneto yake. Fundi atafute kwenye magneto ya kushoto na plagi zake.

3. « Inasitasita tukiwa katika hewa yenye unyevu. » Uradidi unaonyesha kosa linalokuja na kuondoka. Petroli ikigeuka mvuke hupoza kabureta. Barafu huweza kuganda humo hata nje kukiwa na zaidi ya 20 °C. Rubani afungulie kabureta hewa ya moto. Barafu ikiyeyuka, injini huweza kutetemeka zaidi *kwanza*, *kisha* ikatulia. Mfasiri akidondosha maneno hayo mawili, rubani ataogopa mtetemeko na kufunga hewa ya moto mapema mno.

Ndiyo maana nasema: katika ripoti ya ufundi, njeo na uradidi si mapambo. Ni vipimo.