Kwatzi: Jiwe Jeupe la Migodini na Hatari ya Vumbi Lake

Jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa Osiri, Macalder na Masara hulifuata chini ya ardhi huitwa kwatzi. Katika Kaunti ya Migori, dhahabu mara nyingi hupatikana ndani ya mishipa ya jiwe hili. Kwatzi ina manufaa mengi, lakini vumbi lake huharibu mapafu.

Kwatzi ni nini?

Ni madini ya silikoni na oksijeni. Ni ngumu kiasi kwamba kisu cha kawaida hakiwezi kuikwaruza. Ikiwa safi huwa angavu kama maji. Ile ya rangi ya zambarau ni amethisto, kito kinachotajwa katika kitabu cha Ufunuo. Mchanga wa kwatzi huyeyushwa kutengeneza vioo, na kipande chake kidogo huongoza mwendo wa saa ya mkononi. Hata neno bilauri limetokana na jina la Kiarabu la kwatzi angavu.

Matumizi ya kale

Huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, Kaunti ya Homa Bay, watafiti walichimbua zana za mawe, zikiwemo za kwatzi, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba zana hizo zina umri wa zaidi ya miaka milioni 2.5. Ugumu wa jiwe ndio uliofaa kwa kukatia nyama.

Imani za watu

Wagiriki wa kale walidhani kwatzi angavu ni barafu iliyoganda hadi ikashindwa kuyeyuka. Waliamini pia kwamba mwenye amethisto halewi. Leo, wengi wanaofanya kazi zenye vumbi huamini kwamba kunywa maziwa husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Vumbi huenda mapafuni.

Vumbi hudhuru vipi?

Jiwe linapopasuliwa au kusagwa likiwa kavu, hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hukaa ndani ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huu huitwa silikosisi, na makovu yake hayaponi. Mwenye silikosisi pia hupata kifua kikuu kwa urahisi. Dalili za magonjwa haya mawili hufanana: kikohozi, kukosa pumzi na kupungua uzito.

Njia za kujikinga

• Mawe yamwagiwe maji kabla ya kupasuliwa, na yasagwe yakiwa na maji.
• Mashine za kusaga ziwekwe mbali na nyumba, shule na vibanda vya chakula.
• Barakoa maalumu ya vumbi ivaliwe. Leso au kitambaa havizuii chembe ndogo.
• Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani, bali ziloweshwe kwanza.
• Watoto wasikaribie mahali pa kusagia.

Mchimbaji anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi aende katika kituo cha afya kilicho karibu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Ni muhimu amweleze mhudumu kwamba anafanya kazi ya mgodi na kwa miaka mingapi, ili mapafu yake yachunguzwe pia kwa silikosisi.