Nyanya Kubwa za Mbegu ya Zamani

Mnamo miaka ya 1930, katika mji wa Logan, jimbo la West Virginia nchini Marekani, alikuwako fundi aitwaye M. C. Byles, ambaye watu walimpa jina la utani Radiator Charlie kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza rejeta za magari. Hakuwa mtaalamu wa kilimo, na tena alikuwa na deni la nyumba yake. Byles alitafuta aina za nyanya zenye matunda makubwa kupita zote alizoweza kupata. Mche wa aina iitwayo German Johnson aliupanda katikati, akauzungushia miche ya aina nyingine. Kisha akachukua chavua, yaani ule unga wa manjano wa maua, kutoka miche ya pembeni na kuutia katika maua ya mche wa katikati. Mbegu za matunda bora alizipanda tena mwaka uliofuata, akaendelea hivyo miaka kadhaa mpaka akapata nyanya isiyobadilika tabia yake. Miche yake aliiuza kwa dola moja kila mmoja, bei ambayo siku zile haikuwa ndogo hata kidogo, na kwa muda wa miaka sita akalimaliza deni la dola 6,000. Kwa hiyo nyanya hiyo huitwa Mortgage Lifter, maana yake, yenye kuondoa rehani.

Nyanya za namna hii Wamarekani huzilinganisha na steki ya ng'ombe, kwa kuwa zikikatwa huonekana nyama tupu. Nyanya ya kawaida ina vyumba viwili au vitatu vya mbegu na maji. Hizi zina vyumba vingi vidogo vidogo, na mbegu ni chache. Tunda moja huweza kufikia nusu kilo, na mara nyingine huzidi.

Mbegu zake ni mali ya mkulima. Nyanya za chotara huzaa sana na nyingi hustahimili magonjwa, lakini mbegu zake zikipandwa tena watoto hawafanani na mama, na mkulima hana budi kurudi dukani kila msimu. Mbegu ya zamani huzaa mfano wake, maana ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Mwenye kutaka kuiweka na achague kwanza mmea wenye afya, ndipo achague tunda. Tunda zuri la mmea mgonjwa lisichukuliwe. Tunda likiiva kabisa, mbegu zikamuliwe pamoja na maji yake katika gilasi, zikae siku mbili au tatu mpaka zifanye ukungu juu. Harufu yake si nzuri, lakini ndivyo ule utelezi unaozizunguka unavyotoka. Kisha zioshwe na kuanikwa kivulini juu ya sahani, wala si juu ya karatasi, kwa maana zitagandamana. Zikihifadhiwa katika chupa kavu zitaota hata baada ya miaka minne.

Miche ipandwe kwa kina, shina lifukiwe mpaka karibu na majani ya chini, kwa kuwa sehemu iliyofukiwa huota mizizi. Nafasi kati ya mche na mche iwe karibu sentimita 90. Mmea huu hauachi kurefuka. Wahitaji mti wa kuuegemeza wenye urefu wa mita mbili, na machipukizi ya pembeni yakatwe yakiwa bado machanga. Maji yatiwe chini, si juu ya majani, na yasiwe leo mengi, kesho hakuna: mmea unaokaushwa kisha ukanyweshwa ghafula hupasua matunda yake, ama matunda huoza kitako.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa bakajani, ambao katika nyanda za juu za Kenya huja na mvua na baridi, na huweza kumaliza shamba kwa siku chache. Ugonjwa huo huo hushika viazi. Kwa sababu hiyo haifai kupanda nyanya karibu na viazi au mahali vilipotoka. Aina nyingi za zamani hazina nguvu ya kuushinda. Tena ngozi yao ni laini, na kreti zikirundikwa katika lori matunda yatafika sokoni yamepondeka. Basi si busara mtu kuliweka shamba zima katika nyanya hizi. Miche kumi au ishirini karibu na nyumba, kwa chakula na kwa soko la jirani, yatosha.

Jikoni, nyanya hii hupendeza zaidi ikiwa mbichi: vipande vinene vyenye chumvi juu ya mkate, au kachumbari ya vitunguu na pilipili. Ikitakiwa kwa mchuzi, na ipikwe katika sufuria pana bila kifuniko, ili maji yapungue upesi. Zile zilizoanguka bado kijani zisitupwe. Watu wa kusini mwa Marekani huzikata vipande, wakavipaka unga wa mahindi na chumvi, wakavikaanga kwa mafuta mpaka vikawa rangi ya dhahabu. Navyo huliwa vingali moto.