SOMO: Kazi ya Kompyuta Ng'ambo – Uliza Kwanza

Umesomea kompyuta, kazi huoni. Mtu anakuambia iko Thailand, mshahara mnono, tikiti atalipa yeye. Ngoja kwanza! Mwaka wa 2022, Wakenya walioahidiwa kazi kama hiyo walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakalazimishwa kutapeli watu kwa intaneti.

Kabla ya kukubali:

1. Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.
2. Dai mkataba ulioandikwa, usomeni wawili.
3. Kumbuka, visa ya utalii si kibali cha kazi.
4. Waachie wa nyumbani nakala ya pasipoti na anwani ya mwajiri.

Jadilianeni: Je, kijana wetu akiletewa ahadi hii leo, atamwuliza nani?