Kuitengeneza Picha Bila Kumpoteza Mtu

Baba yangu mdogo alipofariki, picha yake iliyopatikana ilikuwa moja tu, ndogo ya kitambulisho, yenye doa la maji begani. Tulihitaji picha ya kuweka mbele ya jeneza. Kijana mmoja mwenye duka la kuchapisha picha akaichukua, na baada ya saa mbili akaturudishia sura nzuri ajabu: ngozi laini kama ya mtoto, suti nyeusi ambayo marehemu hakuwahi kuwa nayo, na nyuma yake mbingu ya buluu yenye mawingu. Kovu la shavuni, alilolipata utotoni kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe, lilikuwa limefutwa. Mkewe, mama mdogo, aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Huyu ni nani?"

Yule kijana hakukusudia ubaya, naye alikuwa fundi hodari. Lakini tangu siku ile nilianza kujifunza kazi hii mwenyewe, na leo nataka kukuonyesha, ndugu msomaji, yale machache niliyoyapata. Huhitaji mashine ya ghali. Simu ya kawaida ina sehemu ya kuhariri picha, mara nyingi yenye alama ya kalamu. Ukitaka zaidi, iko programu ya Snapseed ya simu, na kwa mwenye kompyuta iko GIMP, iliyotolewa kwanza mwaka 1996. Zote mbili ni za bure.

Kwanza tujue picha ya simu ni kitu gani. Ni vimraba vidogo sana vilivyopangwa kama vigae vya sakafu, navyo huitwa pikseli. Kila kimraba kina namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, na kila namba huanzia 0, ambayo ni giza tupu, hadi 255, ambayo ni mwanga kamili. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake walipoingiza picha katika kompyuta kwa mara ya kwanza, picha ya mwanawe mchanga, ilikuwa na vimraba 176 kwa 176 tu. Simu za leo hupiga picha zenye vimraba milioni 12 na kuzidi. Basi, kutengeneza picha ni kubadilisha namba hizo. Na namba ikibadilishwa na kuhifadhiwa juu ya ile ya zamani, ya zamani imekwenda.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fanya nakala, uitengeneze hiyo nakala, na ile ya asili uiache. Tena picha nyingi huhifadhiwa kwa namna iitwayo JPEG, ambayo hupunguza uzito wa faili kwa kutupa sehemu ya habari zake. Ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi mara kumi, imepunguzwa mara kumi. Kadhalika ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hufika ikiwa imepunguzwa. Itume kama hati, nayo itafika nzima.

Ikiwa picha yako ni ya karatasi, itakubidi kuipiga picha kwa simu, na hapa ndipo wengi huiharibu kazi kabla haijaanza. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana simu hukaa mfukoni na mikononi yenye mafuta. Weka picha juu ya meza karibu na dirisha, lakini jua lisiipige moja kwa moja. Zima taa ya simu, kwa sababu itaacha doa jeupe katikati ya uso. Shika simu sambamba na meza, pasipo kuinamisha, la sivyo mraba utageuka kuwa kama paa la nyumba. Picha iliyo katika fremu itoe nje ya kioo, isipokuwa imegandamana nacho. Ikiwa imegandamana, usiivute, utaichana. Ipige hivyo hivyo ukiwa pembeni kidogo ya mng'ao. Mwenye kuweza kupata skana na aitumie, itampa nakala bora zaidi.

Sasa tukate na kunyoosha. Jambo hili ni jepesi, nami sitakawia. Ondoa pembeni vitu visivyohusika, ndoo, mguu wa kiti, mkono wa mtu asiyeonekana. Lakini ukikata unatupa vimraba. Picha ya kuchapwa kwa sentimita 10 kwa 15 yafaa iwe na vimraba kama 1,200 kwa 1,800. Ya ukubwa wa karatasi ya A4 yahitaji kama 2,500 kwa 3,500. Ukikata uso mmoja kutoka picha ya watu hamsini, utabaki na vimraba vichache, na hakuna kitufe kitakachovirudisha kwa kweli.

Kwenye mwanga ndipo penye faida kubwa kuliko pote, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Chukua picha ya kwaya iliyovaa mavazi meupe, ikiwa imesimama mbele ya ukuta mweupe. Kanzu zinang'aa, ukuta unang'aa, na nyuso ni giza, macho hayaonekani. Kamera hukadiria mwanga kwa wastani. Inapoona weupe mwingi hudhani kwamba mwanga umezidi, nayo hupunguza kila kitu, hata nyuso ambazo hazikuwa na mwanga wa kutosha tangu mwanzo. Wengi wakiona hivyo huongeza mwangaza wa picha nzima. Nyuso hupata nafuu, lakini kanzu huungua, mikunjo yake hupotea, na wanakwaya wote huwa kama shuka moja. Usifanye hivyo. Tafuta badala yake kitelezi cha vivuli, ambacho huinua sehemu za giza pekee, ukiinue polepole. Kisha tafuta cha sehemu zenye kung'aa, ukishushe kidogo. Nyuso zitatoka gizani, na kanzu zitabaki na mikunjo yake. Mwisho ongeza kidogo tofauti ya weusi na weupe, kwa sababu ukiinua vivuli picha huelekea kuwa ya kijivu, kama iliyopakwa majivu.

Mafundi wa zamani waliyafanya hayo hayo kwa mikono. Katika chumba cha giza, wakati mwanga wa taa ukipita katika negativu na kuangukia karatasi, fundi alikinga uso kwa kiganja au kipande cha kadi kwa sekunde chache ili usiwe mweusi mno, na sehemu iliyokuwa nyeupe mno aliiongezea mwanga. Vitelezi vya simu ni watoto wa kiganja kile.

Uko mpaka, hata hivyo. Kimraba kilichofika 255 katika namba zote tatu hakina habari yoyote ndani yake. Ni weupe mtupu, na ukikishusha kitakuwa kijivu kitupu. Giza la 0 ni vivyo hivyo. Ndiyo maana nashauri kwamba unapopiga picha uguse uso katika kioo cha simu ili kamera ipime hapo, na watu uwatoe mbele ya ukuta unaong'aa wasimame kivulini, penye mwanga laini.

Na hapa niseme neno juu ya albamu zetu za zamani. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, ambayo mafundi waliiita "Shirley". Ngozi nyeupe ndiyo iliyokuwa kipimo, na watu weusi mara nyingi walitoka wakiwa giza bila sura, hasa waliposimama karibu na kitu cheupe. Katika miaka ya 1990 Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi. Kwa hiyo ukiona bibi yako ametoka kama kivuli katika picha ya harusi, usiseme mpiga picha hakujua kazi. Inua vivuli uone. Mara nyingine sura imo, imengoja miaka arobaini.

Tuje kwenye rangi. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka kuwa nyekundu. Karatasi zile zilikuwa na rangi tatu, ya manjano, ya waridi iliyokolea, na ya buluu yenye ukijani. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyofifia mapema zaidi katika karatasi nyingi, hata zikiwa gizani ndani ya albamu, na zilizobaki zikaiacha picha nyekundu. Dawa yake ni kutafuta katika picha kitu ambacho wewe wajua kilikuwa cheupe, kwa mfano kola ya shati au leso. Punguza wekundu mpaka kitu hicho kiwe cheupe, na mara nyingi ngozi nayo itarudi mahali pake. Usianze na ngozi. Jicho hudanganyika upesi kwa ngozi, lakini leso nyeupe haidanganyi. Ikiwa rangi zimekwenda kabisa, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Wengi huona ni kushindwa, lakini mimi napenda picha hizo kuliko zile zilizotiwa rangi kali mpaka majani ya mgomba yanaumiza macho.

Mikwaruzo na madoa huondolewa kwa brashi ya kuponya. Unapogusa doa, programu huchukua vimraba vya jirani na kufunika pale. Kuza picha kwanza, na uguse kidogo kidogo. Ukutani, mbinguni na katika nguo, fanya kazi kwa uhuru. Unapofika usoni, simama. Je, alama hii iko juu ya karatasi, au iko juu ya mtu? Mkunjo wa karatasi hupita usoni na kuendelea mpaka ukutani. Kovu huishia shavuni. Kama huna hakika, muulize aliyemfahamu.

Hatari imeongezeka siku hizi, kwa kuwa zimekuja programu zenye kitufe kimoja cha kunoa uso. Ukiziwekea uso uliofifia zitakupa macho, kope na meno safi kabisa. Swali ni kwamba zimeyatoa wapi. Hayakuwamo katika picha. Programu imejifunza kutoka nyuso za watu wengine wengi sana, nayo inakisia jicho linalofaa kuwekwa hapo. Kwa hiyo jicho unaloliona si la babu yako. Wala majaribu haya hayakuanza na simu. Februari 1982 gazeti la National Geographic la Marekani lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee katika jalada lake la wima, na watu walilalamika, maana gazeti lile waliliamini.

Sisemi kwamba kugeuza picha ni kosa. Unaweza kuitia rangi picha ya zamani isiyo na rangi, kumweka mtoto juu ya mwezi kwa kadi ya siku ya kuzaliwa, au kuweka mandhari ya bahari nyuma ya maharusi, kama walivyofanya wenye studio kwa mapazia yaliyochorwa. Kila mtu alijua kwamba lile ni pazia. Basi andika chini ya picha, "Rangi zimeongezwa", na mwaka. Gauni ulilolipaka kijani kwa kukisia, mjukuu ataapa kwamba lilikuwa kijani.

Faili zako nazo uzipe majina: nani, wapi, mwaka gani. Ile ya asili iandike "asili", na nakala moja ikae nje ya simu, kwa maana simu huibwa, tena huanguka majini.

Picha ya baba mdogo niliianza upya kutoka kile kipande cha kitambulisho. Nililiondoa doa la begani, nikainua vivuli kidogo, nikamwachia shati lake na kovu lake. Ilichapwa kwa ukubwa wa kiganja tu, kwa sababu vimraba havikutosha kwa zaidi. Mama mdogo ameiweka juu ya redio, na ile kubwa yenye mawingu iko nyuma ya kabati.